Miti Isiyo na Jina Sokoni

Mtu akienda kununua mbao huku kwetu Kavimvira ataulizwa neno moja tu: "Wataka libuyu au muvula?" Akisema kwamba fedha zake hazifiki huko, ataonyeshwa mikaratusi, na mazungumzo yamekwisha. Lakini akizunguka nyuma ya banda, mara nyingi ataona rundo jingine. Mna mbao nyeupe, mna za manjano, mna nyekundu hafifu zenye mistari mizuri kama kitambaa. Akiuliza jina lake, muuzaji atamjibu pasipo kugeuka, "Ah, hizo ni mbao tu." Bei yake ni ndogo, na heshima yake ni ndogo kuliko bei. Waashi huzinunua za kushikilia zege mpaka likauke, kisha hupelekwa jikoni.

Sisi tunaoandika haya ni katekista. Hatuna cheo cha bwana misitu, wala hatuli kwa randa na msumeno. Lakini katekista wa kigango hukutana na mbao kuliko watu wanavyodhani. Benchi likivunjika, aitwe katekista. Mlango wa shule ukiliwa na mchwa, aitwe katekista. Mtu akifa usiku na jamaa zake hawana mbao za sanduku, watapiga hodi kwa nani? Tena mwaka huu kamati ya kigango chetu imetutuma tutafute mbao za paa la kapela na za mabenchi 24. Tulikwenda, tukasikia bei ya libuyu, tukarudi kimya. Ndipo tulipoanza kuliangalia vizuri lile rundo la nyuma ya banda.

Libuyu ni jina la biashara. Katika vitabu vya elimu ya mimea mti huo ni Entandrophragma, na wauzaji wetu hufunika kwa jina hilo hilo ndugu zake kadhaa. Muvula ndio mvule wa watu wa pwani. Yote miwili ni miti yenye sifa za haki: mbao zake hukaa miaka mingi, hazipindi ovyo, na rangi yake hupendeza. Hatuna neno baya juu yake. Shida ni kwamba msituni kila mti wa namna hiyo umezungukwa na miti mingi ya aina nyingine, na hiyo mingine sokoni haina jina.

Haina jina kwa nani? Wazee walioshuka kutoka milima ya Itombwe hukutajia kila mti kwa lugha yao, na kazi ya kila mmoja: huu ni wa mpini wa jembe, huu wa mchi, huu wa mzinga wa nyuki, huu usiutie motoni kwa kuwa moshi wake huumiza macho. Neno "usiojulikana" latoka kinywani mwa mnunuzi, msitu haukulisema. Tazameni limbali, ambao watu wa Ituri huuita mbau, na wataalamu Gilbertiodendron dewevrei. Kuna sehemu katika misitu ya Kongo ambako mti huu umetawala, hata ukitembea mchana kutwa waona shina baada ya shina la aina ile ile. Mbao zake ni nzito na ngumu. Nguruwe wa porini hufuata mbegu zake zinapoanguka. Ni mmojawapo wa miti iliyo mingi kabisa katika nchi yetu, lakini mwulize seremala wa Uvira habari za limbali: atadhani unataja kijiji.

Sasa ni nini hutokea watu wote wakitaka aina mbili tu? Tunamfahamu mpasuaji mmoja wa mbao, baba wa watoto saba, ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake upande wa Mwenga na Fizi. Alituambia, "Mwalimu, zamani nililala njiani usiku mmoja nikaikuta libuyu. Siku hizi nalala mara tatu. Libuyu imetukimbia." Tulicheka pamoja, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha. Siku mbili zaidi za njia ni chakula zaidi, wabebaji zaidi, na mbao zilezile begani. Ndiyo maana bei hupanda hata kama mti haukuongezeka uzuri.

Libuyu yenye unene wa kupasuliwa imekwisha kaa zaidi ya miaka 100 duniani. Mpasuaji huchagua ule mkubwa, ulionyoka, na ndio huo huo unaomwaga mbegu nyingi. Miche yake yahitaji mwanga ili ikue, na katika kivuli kizito mingi hufa. Kwa hiyo msitu huonekana bado upo, kijani tupu ukiutazama kutoka mbali, kumbe umekwisha nyang'anywa wazazi. Yaliupata hivyo mti mwingine wa Kongo, afrormosia, unaoota pande za Kisangani. Ulaya waliupenda mno kwa samani na kwa meli, hata mwaka 1992 uliingizwa katika mapatano ya CITES, yanayosimamia biashara ya viumbe vya porini baina ya nchi na nchi, ili usiuzwe nje pasipo kibali.

Tena tusisahau kwamba kila mti mashuhuri ulikuwa siku moja mgeni sokoni. Huko Gaboni okume ulikuwa mti wa kuchongea mitumbwi. Mwisho wa karne ya 19 magogo yake yalifika Ulaya, wenye viwanda wakaona kwamba huchunwa vizuri katika tabaka nyembamba za kugandishwa pamoja, na katika karne ya 20 nchi nzima iliishi kwa mti huo. Hapo mti ulikuwa ule ule, na aliyekuwa amebadilika ni mtu aliyeushika mkononi. Kwetu Kongo kazi ya kuijaribu miti ni ya zamani. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Kazi hiyo imeendelea chini ya chuo cha INERA. Jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji, limehifadhi makumi ya maelfu ya vipande vya mbao, kila kimoja na jina lake, na vingi vimetoka kwetu. Basi mbao za Kongo zajulikana vizuri sana katika masanduku ya Tervuren. Ni bandani kwa muuzaji wa Kavimvira ndiko zisikojulikana. Ajabu kidogo, sivyo?

Hata hivyo tusimlaumu seremala upesi. Anazikataa mbao hizo kwa sababu amekwisha kuaibishwa nazo. Alitengeneza kabati, baada ya miezi miwili mlango ukajipinda kama kigae. Alitengeneza kitanda, vidudu vikakitoboa, na asubuhi mwenye kitanda akakuta unga mweupe sakafuni. Nani atamrudia fundi wa namna hiyo?

Lakini hapo twasema kwamba mti umesingiziwa. Katika seminari tuliyosomea alikuwapo Bruda mmoja aliyeongoza karakana, mtu wa maneno machache. Hakuruhusu ubao wowote kuguswa na randa kabla haujakauka. Alizipanga mbao kivulini, juu ya mawe, na baina ya tabaka na tabaka aliweka vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine wima, ili upepo upite kila mahali na uzito usikunje kitu. Ncha za mbao alizipaka rangi, maana maji hukimbilia kutoka nchani na kupasua. Kisha alichagua ubao mmoja, akauchora alama, na kila Jumamosi sisi wanafunzi tuliuchukua jikoni tukaupima kwa mzani wa kupimia maharage. Tuliandika uzito ukutani kwa makaa. Juma hili umepungua, juma lijalo umepungua, mpaka ikafika Jumamosi ya tatu mfululizo uzito usibadilike. Hapo ndipo Bruda alipotikisa kichwa, na kazi ikaanza.

Sababu yake ndiyo hii. Mti mbichi umejaa maji, na katika miti mingine maji huwa mazito kuliko mti wenyewe. Sehemu ya maji hayo yakaa katika vijitundu vya mti kama maji katika chupa. Yakitoka, ubao huwa mwepesi tu, umbo lake halibadiliki. Sehemu nyingine imeingia ndani ya nyama ya mti. Maji yote yakishuka kufika sehemu 30 hivi katika 100 ya uzito wa mti mkavu, ndipo hayo ya ndani huanza kutoka, na ubao huanza kusinyaa. Tena hausinyai sawasawa: kwa kufuata duara za mti husinyaa kadiri ya mara mbili kuliko kuelekea kiini. Kwa hiyo hujikunja. Libuyu na muvula huvumilia zaidi uzembe wetu, na ndiyo sababu kubwa ya sifa zake. Miti mingine haivumilii. Hiyo yataka saburi, na saburi haiuzwi sokoni. Mbao hupasuliwa Jumatatu, Ijumaa zimekwisha kuwa kitanda.

Mintarafu vidudu, vyatafuta wanga ulio katika mbao nyeupe za upande wa nje wa gogo. Mbao za namna hiyo zikiwa bado mbichi, zikitiwa katika maji yaliyoyeyushiwa boraksi, dawa huingia ndani polepole na vidudu havina haja nazo tena. Ila dawa hiyo huoshwa na mvua, basi yafaa kwa vitu vya ndani ya nyumba tu. Wengi wetu hupaka mafuta machafu ya motokari. Kwa nguzo za ua, sawa. Kwa mabenchi ya kanisa, waulizeni akina mama waliokalisha watoto wenye mavazi meupe ya Komunyo ya kwanza juu ya benchi la namna hiyo. Tulikuwapo, na maneno yaliyosemwa baada ya Misa hayaandikwi katika gazeti hili.

Tuliyaeleza haya yote mbele ya kamati. Fundi wetu alinung'unika, mhesabu wa fedha alifurahi kwa kuwa zile mbao zisizo na jina zilikuwa karibu nusu ya bei. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa karibu ya mlango na kunyamaza muda wote, akauliza, "Mwalimu, na hii nayo mkiisha kuijua, si itakwisha kama ile?"

Swali hilo lilitufunga kinywa, maana jibu lake twalijua, na ni ndiyo. Huko Haut-Katanga na Zambia kuna mti uitwao mukula, Pterocarpus tinctorius kwa jina la wataalamu. Kwa miaka mingi watu wa huko waliutumia kwa rangi yake nyekundu, na wafanya biashara wa mbao hawakuujali. Katika miaka ya 2010 wanunuzi kutoka China, ambako samani za mbao nyekundu zinapendwa mno, waliutambua. Kwa miaka michache magogo yalipakiwa malori kwa malori, na kijana aliyeukata alipata fedha ya sabuni na chumvi. Mwezi wa Agosti 2019, huko Geneva, mukula nao uliingizwa katika mapatano ya CITES. Ulikuwa umejulikana kwa muda mfupi tu.

Wataalamu walioichunguza misitu inayozunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na tena mwaka 2005 waliona jambo hili kama mawimbi. Wimbi la kwanza huchukua mbao za thamani. Likipita, wimbi la pili huchukua mbao za bei ndogo, yaani hizi hizi tunazozungumzia. Wimbi la tatu ni makala. Mawimbi hayo yalisogea mbali na mji hadi kilometa 9 hivi kwa mwaka. Basi mti usiojulikana, ukinunuliwa tu kwa sababu mti mashuhuri umekwisha, haukuokoa kitu. Umekuwa ngazi ya kushukia kwenye tanuru la makala.

Lakini tuvuke ziwa tena, twende hadi Kilwa, kusini ya pwani ya Tanzania. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalipata njia ya kwenda kusini, na misitu ilivamiwa. Taarifa ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba serikali ilikuwa ikipoteza hadi sehemu 96 katika 100 ya ushuru iliostahili kuupata kwa mbao. Lakini Tanzania ilikuwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayowapa wanakijiji ruhusa ya kutenga msitu wao, kuusimamia na kuuza miti yake wao wenyewe. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika lililoanza kwa kuchunguza mpingo, vilihesabu miti, vikaandika ni mingapi yaweza kukatwa na ya unene gani, vikaweka walinzi. Mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, kinachoshuhudia kwamba msitu watunzwa vema. Vilikuwa vya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji.

Mpingo ndio uliwaletea wageni, maana ndio mti wa zumari na klarineti za Ulaya. Lakini mafundi wa zumari hawahitaji magogo mengi, tena wataka yasiyo na kasoro. Kijiji hakiwezi kuwalipa walinzi mwaka mzima kwa magogo machache. Kwa hiyo ilikuwa lazima kutafuta wanunuzi wa aina nyingine zilizo nyingi katika miombo, kama mtondoro, ambao warina asali wa Tabora hubandua gamba lake kwa mizinga na seremala haushiki. Hapo, ndugu, tuliona tofauti. Kule Katanga mti ulijulikana kwa mnunuzi kabla haujawa na mwenyewe. Huko Kilwa mwenyewe alikuwapo kwanza, amekwisha kuhesabu, ndipo akamkaribisha mnunuzi. Mti mmoja unaozidi kupata bei humfanya mwenye msitu ausitishe moto na shamba, kwa kuwa sasa analo la kupoteza.

Nasi je? Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002 ilifungua njia, na amri ya mwaka 2014 iliieleza: jumuiya ya mahali yaweza kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi, hadi hekta 50.000, bila kuulipia na bila mwisho wa muda. Hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa mwaka 2006 pasipo watu kuulizwa vya kutosha, ilipewa mipaka mipya mwaka 2016 baada ya mazungumzo marefu na wenyeji. Twasema kweli kwamba karatasi hizi ni ndefu, zimeandikwa kwa Kifaransa kigumu, na mpasuaji wetu mwenye watoto saba hajapata kuiona hata moja. Yeye huwajua tu wale wanaomsimamisha njiani kumwomba fedha.

Wengine watasema, mambo ya msitu yako mbali, sisi ni watu wa ziwa, tule mikebuka yetu. Mwezi wa Aprili 2020 mito ya mji huu, na kwanza Mulongwe, ilishuka usiku na mawe na mashina, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Hatusemi kwamba miti peke yake ingaliizuia mvua ile. Lakini vilima vilivyo juu yetu kila mtu aviona kwa macho yake, na makala tunayopikia kila mtu ajua yalikoshukia.

Tulimjibu yule mama kwamba hatuna uwezo wa kuulinda msitu wote, lakini twaweza kumwuliza mpasuaji maswali matatu ambayo hakuna aliyemwuliza bado: mti huu jina lake nani kwa lugha ya kwenu, umetoka katika msitu wa nani, na mwenyewe alikubali? Mama alitikisa kichwa, hatujui kama ni kwa kukubali au kwa kutuhurumia. Kamati iliamua hivi: paa litakuwa la mikaratusi iliyopandwa, na mabenchi yatatokana na mbao za aina mbili ambazo mpasuaji alizitaja kwa Kibembe na kututajia ukoo wenye msitu. Tulimtuma mtu akauliza, na wenyewe walikubali, wakataka walipwe wao kwanza. Tuliwalipa.

Mbao sasa ziko kivulini nyuma ya shule, juu ya mawe, na vijiti baina yake. Ubao wa alama wapimwa kila Jumamosi katika mzani wa muuza ndagala mmoja, ambaye hutaka uoshwe mzani, si ubao. Fundi ametuuliza mara nne kama aweza kuanza. Jumamosi iliyopita ulikuwa umepungua gramu 80, basi hawezi bado.